Kabla ya kulipia ploti ya uzeeni: hesabu ya rates, land rent na madeni ya zamani

Kodi ya nyumba haistaafu. Mtu anayelipa Sh8,000 kwa mwezi hapa Baba Dogo anatoa Sh96,000 kwa mwaka. Akiishi miaka 20 baada ya kuacha kazi atakuwa ametoa Sh1,920,000, hata kama mwenye nyumba hataongeza shilingi moja, na sote tunajua ataongeza. Mshahara wa kiwanda umekwisha, mikono ya fundi imechoka, lakini tarehe 5 ya mwezi inafika vilevile.

Ndiyo maana ukikaa kwa kibanda chochote cha chai kati ya Allsops na Lucky Summer utasikia watu wa miaka 50 wakizungumzia ploti. Wengine wanaangalia Ruiru na Juja, wengine Kitengela, wengine Kangundo Road kuanzia Ruai hadi Kamulu, Joska na Malaa. Wengine wanasema watarudi ushago na mambo yaishe. Swali moja hurudi kila mara: wapi nitapata nyumba ya bei nafuu na kodi ndogo ya ardhi, nikae bila kusumbuliwa?

Ni swali zuri, ila kwa Kenya tunaona watu wengi wanaliuliza kutoka upande usiofaa. Kodi ya ardhi ya kila mwaka mara nyingi ni ndogo kuliko wanavyoogopa. Kinachomwumiza mstaafu ni deni la zamani alilonunua pamoja na ploti bila kujua, na pesa aliyotuma kwa simu ya mtu asiyekuwa na haki ya kuipokea. Somo la leo ni hayo, na tutatumia namba.

Kodi tatu zenye jina moja

Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa kwa sababu kila kitu ni kodi. Unayomlipa mwenye nyumba ni kodi. Unayolipa KRA ni kodi. Na ardhi yenyewe ina zake mbili.

Ya kwanza ni ya kaunti, ile watu huita land rates. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inazipa kaunti haki ya kutoza rates kwa mali isiyohamishika. Pesa hii inaenda City Hall kama ploti iko Nairobi, Machakos kama iko Joska, Kiambu kama iko Juja, Kajiado kama iko Kitengela.

Ya pili ni land rent, na hii ni ya serikali ya kitaifa. Inalipwa kwa ardhi ya kukodishwa tu, yaani leasehold, ile yenye muda maalumu kama miaka 99. Kama hatimiliki yako imeandikwa freehold, hulipi land rent. Kwa mstaafu tofauti hii ni kubwa. Freehold inakuondolea bili moja ya kila mwaka na pia swali la lease itaisha lini. Ukiambiwa nyumba ni ya leasehold usikimbie, lakini uliza imebaki miaka mingapi. Lease ya miaka 99 iliyoanza 1960 inaisha 2059. Ukiinunua ukiwa na miaka 58 pengine wewe hutaona mwisho wake, lakini watoto wataona, na wao ndio watakaohangaika na kuiongeza.

Ukinunua nyumba ndani ya gorofa kuna malipo mengine ambayo si kodi lakini yanauma kuliko kodi: service charge. Hii ni ya mlinzi, taa za ngazi, maji ya tangi, takataka na lifti. Tangu Sectional Properties Act ya 2020, kila nyumba ndani ya gorofa inaweza kuwa na hatimiliki yake, kwa hivyo usikubali kuuziwa gorofa kwa karatasi ya makubaliano peke yake. Na kabla ya kuangalia rates, uliza service charge ni ngapi kwa mwezi na ilikuwa ngapi miaka mitatu iliyopita. Sh3,500 kwa mwezi ni Sh42,000 kwa mwaka. Hakuna rates ya ploti ya kawaida ya 50 kwa 100 itakayokaribia hapo kwa urahisi.

Nairobi inapigaje hesabu

Kwa miaka mingi Nairobi ilitumia orodha ya thamani ya ardhi ya 1980. Rates zilikuwa asilimia 34 ya thamani ile ya zamani. Asilimia 34 inatisha ukiisikia, lakini ilikuwa ya bei ya ardhi ya enzi ambayo ploti ya leo ya mamilioni iliandikwa kwa maelfu. Kaunti ilipotengeneza orodha mpya yenye thamani za siku hizi, kiwango kilichokuja nayo ni asilimia 0.115.

Tuseme ardhi yako imethaminiwa Sh6,000,000. Zidisha kwa 0.115, gawanya kwa 100. Unapata Sh6,900 kwa mwaka. Gawanya kwa 12: Sh575 kwa mwezi. Huo ni mfano wa kuonyesha hesabu tu. Ya ploti yako utaiona kwenye bili ya kaunti, na ndiyo ya kufuata.

Angalia pia kitu kinachohesabiwa. Nairobi inapima thamani ya ardhi tupu, bila jengo. Ukijenga bungalow ya vyumba vitatu au ukibaki na mabati, rates haibadiliki kwa sababu ya jengo. Huko Marekani mambo ni tofauti: wanatoza ardhi pamoja na nyumba, na jimbo kama New Jersey linachukua karibu asilimia 2 ya thamani kila mwaka. Wazee wa huko huhama jimbo kwa sababu ya kodi ya nyumba peke yake, na mtu akiwaelewa hawezi kuwalaumu. Ukisoma ushauri wao kwenye intaneti, kumbuka hawazungumzii Kenya.

Kaunti nyingine si lazima zihesabu kama Nairobi. Sheria inaruhusu njia zaidi ya moja: kuna ya thamani ya ardhi, na kuna ya ukubwa, ambapo unalipa kiasi fulani kulingana na eneo la ploti. Hizi rates hupitishwa kwenye Finance Act ya kaunti na zinaweza kubadilika. Kwa hivyo ukienda kuona ploti Joska, usimwulize broka rates ni ngapi. Yeye atakwambia "ni kidogo tu, mzee wangu". Omba namba ya ploti, nenda ofisi ya mapato ya kaunti ndogo, uliza bili ya mwaka huu na salio.

Rates ndogo, lakini kwa nini ni ndogo?

Hapa tutasema maoni yetu waziwazi. Ploti yenye rates ya chini sana mara nyingi iko mahali ambapo kaunti haijaleta kitu. Bomba la maji hakuna. Barabara ni ya udongo mweusi. Hospitali iko mbali. Unaokoa Sh400 kwa mwezi kwenye rates halafu unanunua maji ya mkokoteni na kulipa boda kila ukienda kliniki ya presha.

Chukua mfano wa fundi wa kuchomelea mwenye karakana Baba Dogo, ana miaka 52, mke wake anauza mboga karibu na stage. Wanalinganisha ploti mbili. Moja rates yake ni Sh600 kwa mwezi na iko karibu na lami, maji yapo. Nyingine rates ni Sh150 kwa mwezi, lakini boda hadi barabarani ni Sh150 kwenda na Sh150 kurudi. Wakitoka mara sita tu kwa mwezi, kanisani, sokoni na hospitali, boda imekula Sh1,800. Ile ya "kodi ndogo" sasa ni Sh1,950 dhidi ya Sh600, na bado hawajanunua maji.

Ushago nako kuna hesabu yake. Shamba la familia linaweza kuwa halina bili yoyote ya rates inayofika nyumbani, na hiyo ni raha kubwa. Lakini uliza hatimiliki iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni ya babu aliyefariki, wewe unajenga nyumba ya uzeeni kwenye ardhi ambayo kisheria bado si yako. Kesi ya urithi ifunguliwe kwanza, ardhi igawanywe, kisha ujenge. Kaka zako wanaweza kuwa watu wazuri sana, ila watoto wao hujui watakuwaje.

Deni hufuata ardhi

Hapa ndipo pesa nyingi za wastaafu hupotelea, kwa hivyo tukae kidogo.

Rates zisipolipwa hazifi. Zinaongezwa riba, na deni linabaki juu ya ardhi yenyewe. Mwenye ploti akiuza bila kulimaliza, kaunti haitamtafuta yeye alikohamia. Itamtafuta anayekaa pale. Ndiyo maana sheria inataka cheti cha kuonyesha rates zimelipwa kabla ya ardhi kuhamishwa kwa jina jipya, na kwa leasehold, cheti cha land rent pia. Bila hivyo vyeti msajili wa ardhi hasajili.

Sasa, kama sheria inazuia, watu wanaingiaje kwenye deni? Wanaingia kwa sababu hawafiki kwa msajili. Wananunua kwa makubaliano ya mkono, au kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, wanapewa ufunguo au wanaonyeshwa mawe ya mpaka, wanajenga. Hatimiliki "inakuja". Miaka kumi baadaye wanaanza kuifuatilia na wanakuta shamba mama, lile kubwa lililokatwakatwa, lina malimbikizo ya rates ya miaka mingi na hakuna ploti hata moja inayoweza kutolewa hatimiliki hadi yalipwe. Kila mtu aliyenunua anaambiwa achange.

Kwa hivyo, kabla ya pesa yoyote kutoka kwenye simu yako:

Fanya search rasmi. Kwa Nairobi inafanyika kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Mahali ambako mfumo huo haujafika, unaenda ofisi ya ardhi ya eneo. Search inakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, kama ni freehold au leasehold, na kama kuna benki inayoishikilia au zuio la korti.

Omba bili ya rates ya ploti hiyo hiyo, si ya jirani na si ya shamba mama peke yake. Kama muuzaji ana deni, muafikiane kwa maandishi nani atalipa. Njia safi ni kuliondoa kwenye bei na kulilipa moja kwa moja kwa kaunti, risiti ibaki kwako. Kaunti ya Nairobi imewahi zaidi ya mara moja kutangaza msamaha wa riba na faini kwa wanaolipa deni lote kwa pamoja. Kama msamaha upo wakati unanunua, mwambie muuzaji autumie kabla ya kukuuzia.

Chukua mpimaji aliyesajiliwa akakuonyeshe mawe ya mpaka. Ongea na majirani wawili watatu na mzee wa mtaa. Majirani wanajua mambo ambayo search haisemi.

Kama ardhi bado ni ya kilimo, uuzaji unahitaji kibali cha Land Control Board, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali, mauzo hayo ni batili. Na kama ni boma la familia, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi. Wengi huruka hili kwa kuona aibu kuuliza. Uliza.

Halafu weka ushuru wa stempu kwenye bajeti: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Kwa ploti ya Sh600,000 hiyo ni Sh24,000 au Sh12,000. Ni ya mnunuzi. Muuzaji naye ana yake, kodi ya faida ya mali, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Akitaka uilipe wewe, hiyo ni nyongeza ya bei na uihesabu hivyo.

Sasa kutuma pesa

Pesa ya serikali inalipwa kwa namba ya serikali. Huduma za serikali ya kitaifa kupitia eCitizen hutumia Paybill moja, 222222, na namba ya akaunti inatoka kwenye ankara uliyoitengeneza mwenyewe ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Kwa rates, fuata maagizo yaliyo kwenye bili ya kaunti husika. Mtu akikwambia "nitumie kwa laini yangu nikulipie stamp duty, nina mtu ndani", jibu ni hapana. Hata kama ni mtu wa kwenu.

Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10 na yanapitia kwa wakili, baada ya makubaliano kutiwa sahihi, salio likifuata ndani ya siku 90 hivi. Lipa kwenye akaunti ya ofisi ya wakili au kwa Paybill ya kampuni, na jina linalotokea kwenye skrini kabla hujaweka PIN lifanane na jina lililo kwenye makubaliano. Lisipofanana, bonyeza katisha. Tunasema hivi kwa sababu muamala ukishapokelewa na pesa kutolewa, kuurudisha ni kazi ngumu sana, na hakuna mhudumu wa simu anayeweza kuvuta pesa ambayo haipo.

"Ada ya kuona shamba", "pesa ya kushikilia ploti" na "ya mafuta ya gari" ni tatu za kuangalia kwa makini. Sh2,000 kwa watu 50 ni Sh100,000 kwa mtu ambaye hana ploti yoyote. Usilipie kuona.

Kumbuka pia viwango. Muamala mmoja wa simu kwa sasa hauzidi Sh250,000, na kwa siku Sh500,000. Ploti ya Sh900,000 haiwezi kulipwa mchana mmoja kwa simu. Muuzaji anayekuharakisha ugawanye pesa kwa laini tatu tofauti za watu watatu tofauti anakuambia kitu, sikiliza. Kwa kiasi kikubwa, tumia benki.

Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu kulipa malipo ya kwanza ya ploti. Mkopo wa siku 30 haulingani na kitu cha miaka 30.

Pesa itatoka wapi

Watu wa jua kali wana historia nzuri hapa. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa Mbao Pension Plan, wa kuweka Sh20 kwa siku kupitia simu. Mbao ni ishirini, ndiyo jina. NSSF nayo ina Haba Haba kwa wasio na mwajiri, kuanzia Sh25 kwa siku. Tuseme ukweli wa namba: Sh20 kwa siku kwa miaka 15 ni Sh109,500 kabla ya faida. Haitanunua ploti. Sh100 kwa siku ni Sh36,500 kwa mwaka, na kwa miaka 15 ni Sh547,500 kabla ya faida. Hiyo sasa inaongea.

Kama uko kwenye mfuko wa pensheni wa kazini, kanuni za 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi Sh7,000,000, kununua nyumba ya kuishi kabla hujastaafu. Akiba ya Sh1,000,000 inakupa Sh400,000. Imeandikwa kwa ajili ya nyumba ya kuishi, si ploti tupu ya kubahatisha, kwa hivyo waulize wasimamizi wa mfuko wako kabla hujamwahidi mtu kitu. Na ukumbuke hiyo asilimia 40 haitakuwepo tena ukifika 60. Sisi tungeitumia tu kama inaondoa kodi ya nyumba kabisa.

Wengine hujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha kando ya nyumba yao. Ni wazo zuri, ila kuna mambo mawili. Kama ardhi ni ya kilimo utahitaji kubadilisha matumizi yake, na rates zinaweza kubadilika. Na mapato ya kupangisha kuanzia Sh288,000 kwa mwaka hutozwa na KRA asilimia 7.5 ya kodi unayokusanya. Ukiwa na vyumba vitatu vya Sh5,000 kila kimoja, ni Sh180,000 kwa mwaka, uko chini ya hapo.

Ukishahamia

Weka bili ya mwaka mzima mahali pamoja: rates, land rent kama ipo, service charge kama ipo, na SHA, ambayo kwa asiye na mshahara haipungui Sh300 kwa mwezi. Gawanya kwa 12 na uweke kiasi hicho kila mwezi kwenye pochi ya akiba ya simu, mbali na pesa ya unga. Nairobi rates hulipwa kufikia tarehe 31 Machi. Mtu aliyeweka Sh575 kila mwezi anafika Machi akiwa tayari. Asiyeweka anakutana na Sh6,900 mwezi mmoja na karo ya mjukuu.

Meseji ya malipo isikae kwenye simu peke yake, simu huibwa. Kila ukilipa, pakua risiti kwenye mfumo wa kaunti au eCitizen, itume kwa barua pepe, na uchapishe nakala moja ikae pamoja na hatimiliki. Kaunti ikisema mwaka fulani haukulipa, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha.

Na laini yako ya Baba Dogo usiitupe ukifika ushago. Akaunti yako ya eCitizen imefungwa kwa namba hiyo, na namba za siri za kuingilia zinatumwa huko. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Weka kredo kidogo kila baada ya muda, na mwambie mtoto mmoja unayemwamini bili ya ardhi hulipwa wapi na karatasi ziko wapi. PIN usimpe.